Hii kopo ya shaba ya kukhu imeandikwa 25 PR chini, ni kitu gani?

mtoto_wa_butere
Wadau habari zenu, nisaidieni maana hii kitu imeanza kuleta maneno nyumbani. Kwa kukhu yangu, yaani nyanya, huko Butere kuna kopo la shaba ya njano, zito ajabu, nimepima urefu nikapata sentimita 29 na kitu, juu liko wazi na chini lina ukingo umetokeza kidogo kama kisahani. Tangu nipate akili naona limewekwa miiko ya ugali. Kuna wakati kanisa waliliazima wakalitundika kwa mti wakawa wanalipiga na bolti kama kengele, mpaka waliponunua kengele ya maana ndio likarudi. Stori ya nyumbani ni kwamba babu ya babangu alibebea Wazungu mizigo vita ya kwanza, ile ya Kariakor (Carrier Corps), akarudi nalo badala ya mshahara. Chini kuna maandishi lakini limesuguliwa na jivu na mchanga miaka yote hiyo, naona tu 25 PR na kitu kama herufi C. Mjomba anasema 25 ni namba ya kikosi cha mzee. Sasa binamu yangu anataka fundi wa welding atoboe hapo chini katikati apitishe waya iwe taa ya mezani. Ni kitu gani hii, na ni sawa kutoboa?

kondele_sharp
Hiyo ni ya Mjerumani bro, walifika mpaka Kisii 1914 wakapigana hapo na waingereza. Vitu vyao viliachwa kila mahali.

chuma_na_shaba
Niko na mteja Nairobi ananunua vitu kama hizo bei poa sana, usionyeshe mtu mwingine, nitumie namba inboksi

mstaafu_lanet
Kijana kwanza mwambie binamu aweke drili chini. Nimefanya kazi upande wa mizinga miaka mingi kabla sijarudi Nakuru kufuga kuku, kwa hivyo nisikilize.

Hilo ni ganda la mzinga, ile sehemu iliyokuwa na baruti. PR ni pounder, yaani mzinga uliotupa kombora la ratili 25, kama kilo 11 na kidogo. Si kikosi cha mtu. Katikati pale chini utaona kiduara kama kifuniko cha skrubu, hapo ndipo fataki inakaa, na fataki ndiyo inawasha baruti. Kama mzinga ulipigwa, katikati ya hicho kiduara pamebonyea shimo dogo, ni alama ya pini. Kama hapajabonyea basi fataki inaweza kuwa bado nzima hata baada ya miaka 80, na ukiitoboa na drili ama uiweke karibu na jiko utaenda kujua mwenyewe. Angalia hiyo kwanza ndio turudi kwa historia. Na kama kuna kitu kingine chenye ncha, kizito, kimefichwa darini ama nyuma ya choo, usikiguse wala usikibebe kwa boda ukipeleke polisi, waite waje wakikute pale pale.

Halafu acha mchanga! Weka karatasi nyembamba juu ya maandishi upitishe penseli kwa ubavu, au piga picha usiku na tochi ikimulika kutoka kando. Herufi zitatokea.

mtoto_wa_butere
Mzee asante, mikono ilikuwa inatetemeka lakini nimeangalia, pamebonyea, shimo dogo safi katikati kabisa. Kitu cha ncha hakuna, nimeuliza. Na penseli imefanya kazi, ni 25 PR, halafu 1942, halafu ile C si C tu, ndani yake kuna mshale.

mstaafu_lanet
Basi limekwisha kupigwa, kukhu aendelee na miiko yake. Mshale peke yake ni alama ya mali ya serikali ya Uingereza, mshale ukiwa ndani ya C ni Kanada. Hilo ganda lilitengenezwa Kanada 1942.

Sasa ndugu wa Kondele, Kisii kweli walipigana Septemba 1914, na Juni 1915 jeshi lilipandia meli hapo Kisumu likavuka ziwa kwenda kushambulia Bukoba, kwa hivyo si uongo kwamba ile vita ilifika huku. Lakini mzinga wa ratili 25 uliingia jeshini mwaka wa 1940 hivi. Mtu wa Kariakor hangeweza kurudi na hilo. Ile vita ya kwanza Waingereza walikuwa na wa ratili 18, ganda lake linakaribiana sana na hili kwa urefu, ndio watu wanachanganya, ila lile kombora lilikuwa limekazwa kwenye mdomo wa ganda. La 25 kombora linaingia peke yake kwanza, ganda linafuata, na ndani ya ganda mlikuwa na vifuko vya baruti, chekundu, cheupe na bluu, unaongeza ama kupunguza kulingana na umbali.

Uliza kama kuna mtu wenu alikuwa Keya au Panyako.

nyar_kisumu
😂😂 Panyako! Dani yangu alikuwa anasema hivyo, mi nilidhani ni jina la mtu kumbe ni Pioneer Corps. Na Keya ni KAR, King's African Rifles, jeshi la wakoloni. Babu yangu mmoja alienda Burma, alirudi na medali ya nyota na hakuwahi kusimulia kitu ila mvua, mvua, mvua.

mstaafu_lanet
Hakudanganya. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, wale wa alama ya kifaru yule mnyama, walisukuma Wajapani kwenye bonde la Kabaw 1944 msimu wote wa mvua, matope mpaka magotini. Mizinga ya ratili 25 walikuwa nayo. Ila pia kulikuwa na kambi kubwa Gilgil, ganda linaweza kutoka kwa mazoezi tu, siwezi kukuchagulia. Kisheria maganda yalitakiwa kurudishwa, shaba ilikuwa na bei, lakini askari ni askari.

mtoto_wa_butere
Nimempigia kukhu. Nilipomwambia ni la 1942 alinyamaza kidogo halafu akasema "hilo lilikuja na koti". Koti gani? Koti la kaka mkubwa wa kuka, yaani babu yangu, alikuwa Keya, akarudi na hilo koti zito la kijani na hakukaa, akaenda Uganda kutafuta kazi na hakurudi tena. Mzee wa Kariakor alikufa kabla ya hata hiyo vita ya pili kuanza, sasa sijui nani alimpa sifa ya mtu mwingine wa boma. Mjomba amekasirika, anasema mimi na simu yangu tunavunja historia ya boma. Koti lenyewe kukhu anasema lilikatwa likawa blanketi ya watoto, babangu alilala juu yake.

@chuma_na_shaba haiuzwi, wacha kunipigia.

kondele_sharp
Sawa nimekubali si Mjerumani. Lakini hiyo taa ingetoka fiti

mtoto_wa_butere
Waya unaweza kupitia juu bila kutoboa, fundi amesema. Kukhu naye anauliza miiko ataweka wapi.