Kikundi cha ukoo: Jumamosi twende tukaone picha za Rosemary Karuga

Da' Upendo: Shikamooni wakubwa. Wadogo hamjambo? Jumamosi saa nne shuleni kwetu hapa Rau tunamuenzi mchoraji Rosemary Karuga. Tumechapa picha zake kubwa kubwa, na watoto watatengeneza za kwao. Njooni na pakiti za unga, karatasi za sabuni, magazeti ya zamani. Msichome!

Shangazi Marangu: Marahaba mwanangu. Ndiye nani huyo?

Da' Upendo: Mkenya, Shangazi, mzaliwa wa Meru, 1928. Ndiye mwanamke wa kwanza kusomea sanaa Makerere, 1950 hadi 1952. Akarudi akafundisha shule za msingi miaka na miaka, sanaa ikakaa pembeni. Kuja kustaafu, miaka ya 1980, akaishika tena. Rangi za dukani ghali, basi akachukua karatasi za sabuni na pakiti za unga, akawa anachana na kubandika vipande vidogo vidogo mpaka unaona mnyama amesimama, unaona watu wa kijijini na shughuli zao.

Ba'mdogo Majengo: Sasa Upendo, kwa nini Mkenya? Wetu hawapo?

Babu: Wewe kijana, Paa ya Paa ya Nairobi, ile nyumba ya sanaa, unaijua? Mmoja wa walioianzisha mwaka 1965 ni Elimo Njau, mtoto wa Kilimanjaro hii hii. Na Sam Ntiro, Mchagga, alisoma Makerere akafundisha pale pale. Usitenge hawa watu kwa mpaka.

Da' Upendo: Asante Babu! Na huyu mama alipoirudia sanaa, alifanyia kazi hapo hapo Paa ya Paa.

Kaka Arusha: Kiingilio?

Da' Upendo: Bure.

Shangazi Marangu: Lakini kubandika karatasi ndiyo kuchora kweli?

Da' Upendo: Kwangu mimi ndiyo, Shangazi. Kivuli, mwanga, rangi, vyote anavitoa kwenye karatasi. Ukisogea karibu ndipo unagundua. Mwaka 1990 kazi zake zilionyeshwa Studio Museum in Harlem, New York, pamoja na za El Anatsui wa Ghana na Bruce Onobrakpeya wa Nigeria. Kati ya wasanii wote wa maonyesho yale mwanamke ni yeye tu, ana miaka 60 na kitu! Amefariki 2021, na darasani kwangu hakuna aliyewahi kulisikia jina lake. Inaniuma. Wasichana wangu wanaambiwa nyumbani kuchora ni kupoteza muda.

Shangazi Marangu: Basi nimeelewa mwanangu. Za sabuni ninazo mfuko mzima, nilikuwa nawashia jiko. Kesho nautuma na Hiace ya asubuhi, upokee stendi.

Da' Upendo: Mungu akubariki Shangazi 🙏🏾

Ba'mdogo Majengo: Haya, nimekubali. Nakuja na watoto wote, hata yule anayenichorea ukuta wa sebuleni kila siku.

Da' Upendo: Huyo ndiye namtaka hasa! Usimchape tena. Mlete saa tatu, akae na wanaobandika.