Muvi za ekshen: utajuaje muziki umerithi, umenukuu au umenakili?

Tarumbeta_Moja

Wakuu, naomba mjadala wenye hoja. Muvi mpya ya ekshen ikitoka tu, neno la kwanza kuhusu muziki wake ni "huyu kamwiga Hans Zimmer" (mtunzi wa muziki wa Gladiator ya kwanza na wa Inception). Linasemwa kuhusu Gladiator II (2024, Harry Gregson-Williams), kuhusu Mission: Impossible – The Final Reckoning (2025, Max Aruj na Alfie Godfrey), hata kuhusu Superman ya 2025, ambayo John Murphy na David Fleming wameitumia waziwazi mada ya John Williams ya 1978. Kwa mada namaanisha ule wimbo mfupi unaomtambulisha mhusika.

Maswali yangu ni haya. Asiyesoma noti atatofautishaje kwa sikio kati ya mtunzi aliyerithi mbinu, aliyenukuu kwa makusudi, na aliyenakili? Kwa nini muziki wa ekshen wa siku hizi unakaribiana hivi? Na la tatu ni dogo: inasemekana honi nzito za Inception (2010) zimetoka kwenye wimbo wa Édith Piaf uliopunguzwa kasi. Ukiupunguza kwenye simu, hakuna kinachofanana. Kosa liko wapi?

Sikio_la_Selo

Nianze na hilo la tatu, jibu lake ni la kiufundi.

Kasi hupunguzwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni kama kuizuia sahani ya santuri kwa kidole: mwendo unapungua na kimo cha sauti (wembamba au uzito wake) kinashuka pamoja nao. Ukipunguza kwa nusu, sauti yote inashuka oktavu moja kamili, yaani hadi noti ya jina lilelile iliyo chini yake. Ya pili ndiyo ya simu na vichezeshi vya mtandaoni. Ukichagua 0.5, programu inaurefusha muda lakini inakishikilia kimo kisishuke. Piaf ataimba polepole kwa sauti yake ileile, na honi hutazisikia hata urudie mara mia.

Kwa hiyo fungua Audacity (programu ya kuhariri sauti), ingiza wimbo wenyewe, "Non, je ne regrette rien", uchague kubadilisha kasi na kimo kwa pamoja, siyo kubadilisha mwendo peke yake. Shusha hadi nusu, sikiliza utangulizi kabla Piaf hajaanza kuimba, halafu shusha tena hadi robo. Yale mapigo mafupi ya ala za shaba (tarumbeta, tromboni na jamaa zake) yanageuka kuwa miungurumo mirefu, na hapo uhusiano unasikika wenyewe. Zimmer ameeleza kwamba hata miendo ya muziki wa filamu hiyo aliipanga kwa kuugawanya na kuuzidisha mwendo wa wimbo wa Piaf. Huo ndio mfano wangu wa kwanza wa athari iliyo ndani ya mifupa ya kazi, siyo juujuu.

Tahadhari mbili. Muungurumo wenyewe haukutokana na Piaf peke yake: wapiga ala za shaba walipuliza kuelekea piano ambayo pedali yake ilikandamizwa kwa kitabu, nyuzi za piano zikawa zinaitikia zenyewe. Sikiliza mkia wa sauti baada ya pumzi kuisha, nyuzi bado zinalia. Pili, watu wengi wanalinganisha na muziki usiohusika. Ule wa trela maarufu ya Inception ni "Mind Heist" ya Zack Hemsey, na haumo kwenye muziki aliouandika Zimmer kwa filamu hiyo.

Na kama unalinganisha DVD ya PAL (mfumo wa televisheni wa fremu 25, yaani picha 25 kwa sekunde) na albamu ya muziki, jihadhari tena. Filamu ya fremu 24 kwa sekunde huko inachezwa kwa fremu 25, kwa hiyo kila kitu kinakwenda haraka kwa takriban asilimia 4 na kimo kinapanda kidogo kuliko nusu ya toni, isipokuwa kama waliotengeneza diski walikirekebisha. Mtu anasema "wamebadilisha ufunguo wa muziki" kumbe ni diski.

Fremu24

Swali la pili ni la mezani kwa mhariri wa picha, na wapenzi wa muziki wanalipuuza mno.

Filamu ina fremu 24 kwa sekunde, sawa na 1,440 kwa dakika. Gawanya 1,440 kwa mapigo ya dakika upate fremu za kila pigo. Mapigo 120 yanakupa fremu 12 kwa pigo. Mapigo 96 ni fremu 15, mapigo 144 ni fremu 10, mapigo 160 ni fremu 9. Miendo hii inayogawanyika bila baki inamrahisishia mtunzi kupanga ngumi itue juu ya pigo.

Sasa chukua mapigo 120 na mhariri akate fremu 8 katikati ya mbio za magari, baada ya muziki kurekodiwa. Hiyo ni theluthi mbili ya pigo. Kama pale pana melodi ndefu yenye kupanda na kushuka, imevunjika, kila sikio litashtuka. Kama pana violini zinazorudia noti nne zilezile, kila noti ikiwa robo ya pigo, mhariri wa muziki anaondoa noti tatu, yaani fremu 9, anabaki na tofauti ya fremu moja. Fremu moja ni kama milisekunde 42, na katikati ya vishindo hakuna atakayeigundua. Melodi ndefu ni hatari na mrudio mfupi ni salama, ndiyo maana mrudio umetawala tangu uhariri wa kompyuta uruhusu kukata picha hadi siku za mwisho.

Ongeza mazungumzo. Maneno ya binadamu hueleweka hasa kati ya Hz (mitikisiko kwa sekunde) 1,000 na 4,000, na risasi na injini hutapakaa kila mahali. Mtunzi akijaza eneo la kati kwa tarumbeta, mchanganyaji sauti atamshusha. Kwa hiyo anakimbilia chini ya Hz 200 kwa ngoma na tromboni za besi, na juu anaacha nyuzi nyepesi zinazotikisika. Hapo usikivu wa simu unawadanganya watu: kispika cha simu hakitoi chochote cha maana chini ya Hz 100, basi msikilizaji anapata ile tikitiki ya juu tu, anahukumu kwamba filamu zote ni moja. Vaa vipokea sauti vinavyofunika sikio kabla ya kuhukumu.

La mwisho ni muziki wa muda. Wakati wa kuhariri, picha huwekewa muziki wa filamu nyingine. Mwongozaji anausikiliza kwa miezi, anauzoea, halafu mtunzi anaombwa kitu "cha aina hii". Stanley Kubrick alifika mbali zaidi: katika 2001: A Space Odyssey (1968) alibaki na rekodi za klasiki na kuacha muziki ambao Alex North alikuwa ameshautunga. Ukisikia vipande viwili vya watunzi tofauti vina mwendo uleule, ala zilezile na vinalipuka mahali palepale, fikiria muziki wa muda kabla ya kumshtaki mtunzi.

Mdundo_Tano

Mkuu Fremu24, hesabu zako sina ubishi nazo, lakini hitimisho linawasamehe watunzi kupita kiasi. Mrudio ni lazima, sawa. Ni nani aliyelazimisha uwe noti nne zilezile katika mapigo manne yaleyale? Lalo Schifrin, katika mada ya Mission: Impossible ya mwaka 1966, alikuwa na mrudio mfupi kuliko wote, na hakuna mtu anayeuchanganya na mwingine.

Tarumbeta_Moja, jibu la swali lako la kwanza ni kuhesabu. Usianze na melodi, melodi hudanganya. Anza na namna mapigo yalivyogawanywa.

Mission: Impossible ina mapigo matano kwa kipimo (fungu la mapigo linalojirudia). Yagawe kila pigo mara mbili upate vijipigo kumi, kisha hesabu kwa sauti: moja-mbili-tatu, moja-mbili-tatu, moja-mbili, moja-mbili. Ndefu, ndefu, fupi, fupi. Katika alfabeti ya Morse hizo ni herufi M na I. Kosa la kawaida ni kupiga kofi kwenye kila noti inayosikika. Kofi liende sawasawa kwenye kila kijipigo, noti zipite juu yake. Adam Clayton na Larry Mullen wa bendi ya U2 walipoirekodi upya mwaka 1996 waliiweka kwenye mapigo manne ili ichezeke. Mada ni ileile, lakini ule mguu unaochechemea umeondoka, na nusu ya wasiwasi umeondoka nao. Lorne Balfe katika Mission: Impossible – Fallout (2018) alirudisha tano, akazipandisha ngoma za bongo mbele kabisa, ala iliyokuwamo tangu rekodi ya Schifrin. Huko ndiko kurithi: amechukua kanuni na ala, akajenga jengo lingine.

The Terminator (1984) ya Brad Fiedel ina vijipigo 13 kwa mzunguko: hesabu tatu, tatu, tatu, mbili, mbili. Ilitokea kwa sababu alipokuwa akiunda mzunguko kwenye sintesaiza alibonyeza mapema kidogo, mzunguko ukafungwa kabla haujatimia, naye akaupenda ulivyo. Mtunzi wa leo akitumia 13 iliyogawanywa hivyo kwenye filamu ya roboti, hiyo ni salamu kwa Fiedel.

Sasa Zimmer mwenyewe. "Mars" ya Gustav Holst, mtunzi wa klasiki wa Uingereza, iliyoandikwa 1914, ina mapigo matano pia, lakini umbo jingine: noti tatu za haraka ndani ya pigo la kwanza, mapigo mawili mazima, noti mbili za nusu pigo, kisha pigo moja. Wapiga nyuzi wanagonga kwa mti wa uta wa kupigia violini badala ya manyoya yake, ndiyo maana inasikika kama mifupa. Sikiliza halafu uende kwenye vita ya mwanzo ya Gladiator (2000), hasa miguno ya ala za shaba. Wasimamizi wa urithi wa Holst walimfungulia Zimmer kesi mwaka 2006. Mapigo ya Zimmer pale yanaegemea waltz, tatu-tatu, kwa hiyo ukihesabu peke yake utamwachilia. Ukisikiliza jinsi shaba zinavyopandishwa na kurundikwa, utasita. Kwangu mimi kipande kile kimekaa karibu mno na Holst kuliko inavyostahili.

Fremu24

Kwa Gladiator nakubaliana nawe nusu. Kukaribiana kwa rangi ya ala siyo sawa na kukaribiana kwa noti. Star Wars ya Williams (1977) inaanza kwa mruko na noti tatu za haraka, karibu sana na muziki wa filamu ya Kings Row wa Erich Korngold (1942), na hakuna anayeona aibu kuipenda. Williams aliambiwa kurudisha sauti ya okestra ya enzi ile, akairudisha.

Mdundo_Tano

Tofauti ni kwamba Williams baada ya mruko huo anakwenda kwake. Pima hivi: hesabu vipimo ambavyo kufanana kunadumu. Kukidumu kwa kimoja au viwili kisha njia zikaachana, ni athari. Kukidumu kwa nane pamoja na mabadiliko ya kodi (noti zinazolia pamoja) na mpangilio wa ala, ni nakala. Kunukuu kuna alama yake: mtunzi anataka uigundue, anaiweka mahali peupe na inabeba maana ya hadithi. Michael Kamen katika Die Hard (1988) aliisuka Ode to Joy ya Beethoven kwa ajili ya wezi, ikachanua kasha la fedha linapofunguka. Zimmer katika No Time to Die (2021) alirudisha melodi ya John Barry kutoka filamu ya James Bond ya 1969, "We Have All the Time in the World", na anayeijua filamu ile ya zamani anaelewa mapema kitakachotokea. Superman ya 2025 iko kundi hili. Kuiita uigaji ni kutosikiliza.

Tarumbeta_Moja

Asanteni sana, hesabu ya tatu-tatu-mbili-mbili imekubali mara ya pili tu. Mmetaja midundo na melodi. Vipi athari ya mbinu ya sauti? Dunkirk (2017) inasikika kama inapanda bila kufika. Na Black Panther (2018), je, ile ni athari au ni mapambo?

Sikio_la_Selo

Dunkirk ni toni ya Shepard, iliyoelezwa na Roger Shepard mwaka 1964. Unaweza kuijenga mwenyewe. Tengeneza toni tano tupu zilizoachana oktavu moja moja, mfano Hz 55, 110, 220, 440 na 880. Zote zipande oktavu moja kwa muda uleule, tuseme sekunde 20. Ya chini kabisa ianze kimya na kukua taratibu, za katikati ziwe na nguvu zaidi, ya juu kabisa ififie hadi kimya. Sekunde ya 20 rudia mwanzo. Kwa kuwa kila toni imefika pale jirani yake wa juu alipoanzia, sikio halioni mshono. Ukisikia mruko kila sekunde 20, sauti za kingo mbili hazijafika kimya kabisa, hapo ndipo watu wengi hukosea. Ndani ya filamu hiyohiyo kuna "Nimrod" ya Edward Elgar (1899) iliyonyooshwa hadi ikawa kama pumzi. Nukuu na mbinu ndani ya kazi moja.

Black Panther siyo mapambo. Ludwig Göransson alikwenda Senegal akasafiri na mwanamuziki Baaba Maal, na tama, ile ngoma ya kwapani inayobadilisha kimo kwa kukazwa kamba, ndiyo uti wa mada ya T'Challa, shujaa wa filamu. Jaribio langu kwa kazi za namna hii ni moja: iondoe ala kichwani mwako, uweke violini mahali pake. Mada ikibaki ilivyo, ala ilikuwa pambo. Ukiondoa tama pale, mada inakosa sauti yake. Killmonger, adui yake, naye ana filimbi ya Wafulani wa Afrika Magharibi juu ya besi ya hip-hop, na filimbi ile inapigwa kwa kupuliza na kutamka kwa pamoja. Hakuna violini itakayolifanya hilo.

Mdundo_Tano

Hilo jaribio la kubadilisha ala lijaribu kwenye Mad Max: Fury Road (2015) ya Tom Holkenborg. Gitaa na ngoma zinaonekana zikipigwa juu ya gari ndani ya picha yenyewe, kwa hiyo huwezi kuziondoa hata ukitaka. Halafu jaribu kwenye Gladiator II, ukianza na vipande vya mapigano na kuviacha vya mwisho baadaye, kwa sababu mwishoni "Now We Are Free" ya filamu ya kwanza inarudi na itakuvurugia hukumu.