Msaada: seva ikizidiwa inarudisha HTML badala ya JSON, programu inakrashi

Mjenzi_Kanda
Wakuu, habari za muda huu. Nimeandika kwa Flutter (zana ya kutengenezea programu za simu) programu ya kikundi chetu cha kuweka na kukopa, wanachama wanalipia michango humo. Seva ikizidiwa, Nginx (inayopokea maombi mbele ya seva) inarudisha ukurasa wa HTML wa kosa 502 au 504 badala ya data ya JSON, na programu inajifunga kwa FormatException, yaani imeshindwa kusoma muundo huo. Je, niiache ijaribu tena yenyewe mpaka ikubali? Na mwanachama aone ujumbe gani? Kuna mama aliona "malipo yameshindikana", akalipa tena, akakatwa mara mbili. Inaniuma sana, ile ni hela ya biashara yake.

FundiSeva
Mkuu, usiite jsonDecode (amri ya kusoma JSON) kabla ya kuangalia namba ya jibu na heda ya Content-Type, inayosema ni data ya aina gani. Kilichokuja kikiwa si JSON, kiandike kwenye logi, mtumiaji asikione. Wala usihangaike kuorodhesha namba zote. RFC 9110 ya 2022, kiwango rasmi cha HTTP, imeweka wazi: namba usiyoifahamu, tazama tarakimu ya kwanza. Ya 4 ichukulie kama 400, ya 5 kama 500. Ukiwa nyuma ya Cloudflare (huduma inayokaa mbele ya seva yako) utakutana na 520, 521, 522, na hizo hazimo kwenye viwango rasmi.

DadaLogi
Hata 200, namba ya mafanikio, usiiamini moja kwa moja. Kama bado hujahamia HTTPS, Wi-Fi ya hoteli inaweza kukuletea ukurasa wake wa kuingia kwa namba hiyohiyo.

Mkongwe_wa_Miamala
Hapo kwenye "mpaka ikubali" simama kwanza. Kusoma salio ni GET (ombi la kusoma tu), ukirudia hakuna kinachoharibika. Malipo ni POST (ombi la kutuma), ukirudia hela inaweza kukatwa tena. 504 haisemi kwamba malipo yameshindikana, inasema Nginx imechoka kusubiri. Usipobadilisha proxy_read_timeout (mpangilio wake wa muda wa kusubiri), inasubiri sekunde 60 tu, na huku nyuma kazi inaweza kuendelea hadi hela ikakatwa. Huyo mama aliambiwa jambo ambalo programu yenyewe haikulijua.

Kila malipo yape UUID yake (namba ya kipekee), itengenezwe kwenye simu mtu anapobonyeza "Lipa". Kwenye hifadhidata safu hiyo iwekee UNIQUE, ikatae namba kujirudia. Ombi lenye namba ileile likirudi, seva itoe jibu la mwanzo, isikate tena. Ujumbe uwe: "Tunathibitisha malipo yako, tafadhali usilipe tena." Kisha programu iulize hali ya muamala.

Mjenzi_Kanda
Nimekuelewa mkuu. Iulize kila baada ya muda gani?

FundiSeva
Sekunde 1, 2, 4, 8, uweke na kikomo. Juu ya kila moja ongeza kipande cha muda cha kubahatisha, la sivyo simu zote zitaivamia seva kwa pamoja pale inapoamka. Ukipata 429 (maombi yamezidi) au 503 (huduma haipatikani) yenye Retry-After, heda inayosema usubiri hadi lini, ifuate hiyo. Inaweza kuja kama sekunde au kama tarehe, soma zote mbili.

Mjenzi_Kanda
Na simu ikizima chaji katikati?

Mkongwe_wa_Miamala
UUID ihifadhiwe kwenye simu kabla ombi halijatoka. Simu ikiwaka, programu iulizie malipo kwa namba ileile, isitengeneze mpya. Na huyo mama msimsubirishe hadi toleo jipya litoke. Chukueni taarifa ya miamala kwa mtoa huduma, linganisheni na daftari la kikundi, mrudishieni hela yake.