Sayansi ya siasa ukubwani: kutwa, jioni au masafa?

MwanzoMpya
Habari zenu wakuu. Nina miaka 38, nimeajiriwa, nina watoto wawili. Chuo nilianza zamani nikaacha mwaka wa pili, sababu tuziache. Sasa nataka shahada ya kwanza ya sayansi ya siasa na nimebaki na njia tatu. Kuna chuo kikubwa chenye jina, masomo ya kutwa miaka mitatu, kazi niache. Kuna chuo kidogo kinachofundisha jioni na Jumamosi. Halafu kuna elimu masafa. Moyo uko kwenye ya kwanza, mfuko uko kwenye ya tatu. Mliopita huku nisaidieni, na msinifiche kitu.

KalamuButu
Hongera mkuu. Kabla hujalinganisha vyuo, hesabu saa zako. Kwa mfumo wa Uingereza, krediti moja ni saa 10 za kusoma na shahada ni krediti 360, yaani saa 3,600. Ukipata saa 18 kwa wiki, kwa wiki 33 za mwaka, unamaliza kama krediti 60. Hapo ni miaka sita. Ukipata saa 9 ni miaka 12, na vyuo vingi vina ukomo wa muda.

Mimi nilijiaminisha nina saa 20. Nikaweka daftari kando ya kitanda: nikifungua kitabu naandika saa, nikikifunga naandika. Baada ya wiki tatu wastani ukatoka saa 11, na mbili kati ya hizo nilikuwa nasinzia.

BintiKitabu
KalamuButu usimkatishe tamaa mwenzio 😄

Mimi nilisoma kutwa nikiwa na miaka 41 na sijutii. Semina ndiyo utamu wa fani hii. Hobbes, yule mwanafalsafa Mwingereza wa mambo ya utawala, utamsoma usiku peke yako ukadhani umemwelewa, mpaka kijana wa miaka 19 akuulize: kama mtawala hatulindi tena, kwa nini tuendelee kumtii? Nilibaki mdomo wazi.

Halafu usidhani vyuo vyenye jina ni vya vijana tu. Columbia kule Marekani wana School of General Studies tangu 1947, mahsusi kwa waliokatisha masomo, na wanakaa darasa moja na wengine, mwalimu huyohuyo. Uliza kama chuo chako kina mlango wa namna hiyo. Kama hakina, jiandae: ofisi za wanafunzi zinafungwa saa za kazi, na kila kikundi cha kazi za pamoja kinataka kukutana saa tatu usiku.

MzeeWaMasafa
Dada umesema vizuri, ila masafa msiyadharau. University of London inatoa shahada kwa wanaosoma nje ya chuo tangu 1858. Chuo Kikuu Huria cha Uingereza kilipokea wanafunzi wa kwanza 1971, na hakidai vyeti vya awali kwa kozi zake nyingi. Mandela alipata shahada ya sheria kupitia UNISA, chuo cha masafa cha Afrika Kusini, mwaka 1989, bado yuko kifungoni. Sasa sisi tunalalamika watoto wanapiga kelele.

Ubaya wake ni ukimya. Unatuma insha, unasubiri, inarudi na mistari minne. Mimi niliokoka kwa kutafuta wenzangu wawili, tunapigiana simu kila Jumapili, kila mmoja anatetea hoja asiyoiamini. Kingine ni ithibati: hakikisha kwa chombo kinachosimamia vyuo, sio kwa tangazo la chuo chenyewe.

KalamuButu
Na ile miaka miwili ya zamani usiitupe! Omba nakala ya matokeo, ipeleke vyuo vyote vitatu, waambie wajibu kwa maandishi ni krediti ngapi wanazipokea. Kabla ya kulipa. Mimi niliambiwa kwa mdomo "hakuna shida", nikaja kupokewa masomo mawili kati ya tisa.

NambaHazitishi
Wote mmeongelea ratiba, hakuna aliyefungua mtaala. Jina la shahada ni lilelile, lakini kuna programu zenye nadharia na historia tupu, na nyingine zenye takwimu mihula mitatu. Wengi wa umri wetu wanaanguka hapo, sio kwenye Hobbes. Jipime sasa hivi: vyama vitatu vina kura 100,000, 64,000 na 40,000. Viti ni vitano. Kwa D'Hondt, njia mojawapo ya kugawia vyama viti vya bunge kulingana na kura, unagawa kura za kila chama kwa 1, 2, 3 na kuendelea, viti vinakwenda kwa majibu makubwa zaidi. Jibu ni 3, 1, 1. Sasa rudia kwa Sainte-Laguë, unagawa kwa 1, 3, 5. Kama zoezi hili limekuchekesha, chagua mtaala wenye takwimu. Kama limekuudhi, tafuta wenye nadharia au utawala wa umma.

BintiKitabu
Limeniudhi 😂

MwanzoMpya
Asanteni sana ndugu zangu. Ya kutwa nimeiondoa, roho inauma lakini sina ubavu wa miaka mitatu bila mshahara. Daftari nimenunua, naanza Jumatatu. Zikifika saa 15 nakwenda jioni, maana ule ubishi wa semina nautaka kweli. Zikipungua, masafa, na MzeeWaMasafa nitakuomba nafasi kwenye simu yenu ya Jumapili.

Sainte-Laguë nimepata 2, 2, 1. Nimerudia mara mbili nikidhani nimekosea. Yaani kura hazijaguswa, na kiti kimehama?

NambaHazitishi
Hujakosea. Kimehama.

MzeeWaMasafa
Jumapili saa kumi jioni. Wiki hii unatetea D'Hondt.