Mgahawa wa Kikorea wa visahani vidogo, mtu anashibaje?

Mtoto wa Kizota
Wakuu, Ijumaa napanda SGR kwenda Dar, kuna wageni wa kazini Wakorea wametualika mgahawa wa kwao ule wa kishua, nimecheki menyu ni visahani vidogo vidogo tu na bei zimesimama. Sasa mtu nimekulia ugali wa uwele na mlenda hapo nashibaje? Na vile vijiti je?

Mzee wa Area C
Mkuu zinawekwa katikati mnachangia, hakuna cha hii yangu. Agizeni chache kwanza mkiona bado mnaongeza. Vile vya pembeni, kimchi (kabichi iliyochachushwa yenye pilipili), spinachi ya ufuta, vinaitwa banchan, kwao Korea kawaida havilipiwi na vikiisha unaongezewa, ila sehemu za kishua uliza kwanza usije ukashangaa bili. Vijiti vyao vya chuma vinateleza balaa lakini kijiko kipo, wali wenyewe wanakula kwa kijiko.

Dada Chang'ombe
Kama huli nguruwe sema mapema, samgyeopsal ni nyama ya tumbo la nguruwe. Halafu yukhoe ni ng'ombe mbichi kabisa na kiini cha yai juu, mie hapana jamani 😂

Mtoto wa Kizota
Kitimoto sina shida nayo dada, hiyo mbichi ndo siigusi

Mzee wa Area C
Subiri mkubwa wao aanze kula. Akikumiminia soju, pombe yao ile, pokea kwa mikono miwili, na uende nayo taratibu, kuna za asilimia 16 mpaka 20, zinashuka kirahisi ukisimama ndo unajua.