Keki ya harusi itafika mwaka kweli?

Biharusi wa Jinja
Habari zenu. Tumefunga ndoa Jumamosi iliyopita. Keki ilikuwa ya ngazi tano: mbili tukawapa wazazi wa pande zote, moja ikaenda kwa padri na wanakwaya, moja ikaliwa na wageni (wengine walirudi mara mbili, niliwaona), na ile ndogo ya juu ndiyo imebaki. Mume wangu anataka tuile siku tukitimiza mwaka.

Sasa friji yangu ni ya mlango mmoja, na kile kisanduku cha barafu kimejaa samaki. Stima nayo ni ya kuhesabu. Juzi tulilala gizani mpaka asubuhi. Mama mkwe anasema niimwagie waragi, ile pombe kali yetu, niiweke kabatini, wao Kabale walifanya hivyo. Mwokaji hapokei simu tangu nimalize deni lake. Nifanyeje?

Mama Keki, Mukono
Hongera mwanangu. Kwanza jua ndani kuna nini. Igeuze, uchome kwa kijiti cha meno upande wa chini, utazame kinachotoka.

Kikitoka cheusi chenye kunata na zabibu kavu, mama mkwe wako hajakosea. Keki ya matunda ina sukari nyingi na maji kidogo, na pombe inazuia ukungu. Ifunge vizuri, iweke penye giza na ubaridi, kila baada ya wiki kadhaa uinyweshe kijiko cha waragi au brandi. Ila kumbuka Kabale ni baridi, Jinja siyo.

Kikitoka cha njano au cha chokoleti, kabati usilitaje. Kwa joto letu hata wiki haimalizi. Hiyo ni ya friza. Toa maua yale yenye waya, iache wazi humo saa chache igande, ndipo uizungushie plastiki ya jikoni mara mbili tatu bila kuacha hewa, kisha foili, kisha kopo lenye kifuniko. Usiivishe kaveera (mfuko wa plastiki) peke yake ukaiweka na samaki, utakula keki ya ngege. Miezi miwili mitatu inakuwa bado tamu. Mwaka mzima, kama haijawahi kuyeyuka, haitakudhuru, lakini ladha ni ya barafu.

Stima ikikatika, usifungue. Friza kubwa iliyojaa hushika baridi kama siku mbili, iliyojaa nusu siku moja. Kile kisanduku chako usikipe hesabu hiyo. Na siku ya kuitoa, ilaze kwenye friji usiku kucha ikiwa imefungwa hivyo hivyo, jasho libaki nje ya plastiki.

Kaka wa Arua
Hakikisha pia ni keki! Sisi tuliitunza ya juu miezi kumi na moja kwenye friza ya jirani, na kila mwezi namchangia pesa ya stima. Siku ya siku nimeleta kisu, kinalia kwiii. Povu lile jeupe la kufungia televisheni, limepakwa sukari. Mke wangu alikuwa akisema ni nyepesi, nikamjibu imekauka.

Hajati, Entebbe
Kwetu hakuna pombe. Matunda tuliyaloweka kwa chai ya rangi na maji ya machungwa, ikatoka nzuri sana. Lakini hiyo nayo ni ya friza, dada, kabatini haikai.

Biharusi wa Jinja
Nimechoma: njano, vanila tupu. Na tulilipia ya matunda! Kaka wa Arua, nimecheka hadi mume akatoka bafuni na povu usoni.

Tumeamua hivi: vipande viwili vimeenda Bugembe kwa shangazi, ana friza ya kuuzia barafu, haina samaki. Nyingine tunaila leo na chai. Mama Keki, nitakuagiza ya matunda ya kilo moja, uioke miezi miwili kabla ya siku yenyewe. Ila simu yangu upokee.