Mkunga mwenzenu, zamu za usiku zanipunguzia maziwa. Mlifanyaje?

MkungaWaShela: Assalam aleikum. Mimi ni nesi mkunga. Mwanangu ana miezi 4, hata maji hajaonja. Likizo ya uzazi ya miezi 3 ilipokwisha nikapangiwa zamu za usiku. Mwanzoni nilikuwa nikivuka asubuhi kwa boti matiti yamejaa hadi kanga imelowa. Siku hizi hayajai. Mtoto ashika titi, avuta, aachia, alia. Mavyaa wangu ashakoroga uji, asema maziwa hayamtoshi. Namheshimu, ndiye anayenilelea. Lakini wodini mimi ndiye niwaambiao wazazi wangoje miezi 6, na naamini ninachowaambia.

NesiMalindi: Waaleikum salaam dadangu. Kwanza hesabu nepi: akilowesha 6 au zaidi kwa siku na uzito wapanda, anashiba. Prolaktini, homoni itengenezayo maziwa, hupanda zaidi usiku. Ukipitisha usiku mzima bila kutoa maziwa, mwili wapunguza. Mimi nilikamua kwa mkono kila baada ya saa 3 hivi, hata katikati ya pilikapilika za leba. Nawa, kanda titi, weka gumba na kidole cha shahada nyuma ya duara jeusi, sukuma kuelekea kifuani ndipo ubane. Chuchu usiivute. Mwanzo hutoka matone tu. Usikate tamaa.

MamaLangoni: Mimi pia mkunga, nimenyonyesha watatu nikiwa kazini. Angalia joto letu. Yale masaa 4 ya maziwa kukaa nje ni ya chumba kisichozidi nyuzi 25, na Lamu ya mwezi wa Machi waijua. Beba kikasha cha barafu. Kwenye friji hukaa siku 4. Mavyaa asiyachemshe, aweke chombo cha maziwa ndani ya bakuli la maji moto, kisha ampe mtoto kwa kikombe kidogo, si chupa. Mfundishe yeye kazi hiyo, awe ndiye mwenye kumlisha mjukuu. Huo uji unywe wewe, na supu ya pilipili manga juu yake.

Mpeketoni_RN: Sheria ya Afya ya Kenya ya 2017, vifungu 71 na 72: mwajiri atenge chumba cha kunyonyeshea au kukamulia, na akupe mapumziko ya kunyonyesha. Andika barua, usiombe kwa mdomo.

MkungaWaShela: Shukran sana. Barua naandika leo. MamaLangoni, kikombe kinashikwa vipi asipaliwe?

MamaLangoni: Mkalishe wima, ukingo uguse mdomo wa chini, umngoje alambe mwenyewe. Usimmiminie.